“Picha Kali, Hongera Sana”: Je, Tumesaidiana?



Ndugu msomaji, msimu wa upadrisho ukifika, na baadaye Desemba ambapo Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wanapanda mlimani “kuhesabiwa”, simu zetu hujaa picha kuliko mikungu ya ndizi siku ya soko Mwika. Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, ndoa, jubilei ya babu na bibi, misa ya shukrani, msiba. Chini ya kila picha maneno ni yale yale. Picha kali. Hongera sana. Barikiwa. Mikono miwili iliyokunjwa, moto mitatu. Halafu mara moja moja hutokea mtu mwenye ulimi wa pilipili: “Hii umepigia kikokotoo?” Watu wanacheka, grupu linachangamka mpaka jioni, na aliyeipiga picha ananyamaza.

Maoni yangu ni kwamba hawa wawili, msifu na mdhihaki, ni ndugu wa baba mmoja. Wote wawili hawakuitazama picha. Wa kwanza alimtazama mtu anayetaka kupendwa naye, wa pili aliwatazama watu anaotaka wacheke. Picha yenyewe ilipita kama abiria kwenye daladala la Kiborloni, hakuna aliyeuliza anashukia wapi.

Katika nyumba yetu ya malezi nimepangiwa kazi ya kupiga picha za matukio, basi napata fursa ya kukaa na vijana wanaoifanya kazi hiyo huko maparokiani na vigangoni. Ni wengi kuliko tunavyodhani. Kijana anamaliza kidato cha nne, hana ajira, anakopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ananunua kamera ya mtumba. Kuanzia hapo yeye ni “kamerameni”. Anapiga picha za Komunyo, anapiga msiba, anaposti kila Jumapili jioni kwa bando lake mwenyewe.

Namfahamu mmoja wao. Kwa miaka miwili aliposti picha, na kwa miaka miwili aliambiwa picha kali. Desemba iliyopita akapata harusi yake ya kwanza kubwa, nusu ya malipo mkononi, nusu baada ya kazi. Picha zilipotoka, gauni la bibi harusi lilikuwa safi, kila ua la lesi unalihesabu. Uso wa bibi harusi ulikuwa kivuli. Wa bwana harusi usiseme, ulibaki meno na kola ya shati. Mama wa binti akasema binti yake amefanywa mkaa siku ya ndoa yake, na nusu ya pili haikulipwa. Yule kijana akauza lenzi ili kikundi kisije kuchukua kamera yote. Aliponieleza habari hizi hakulalamika juu ya yule mama. Aliuliza jambo moja tu: “Frateri, grupu lile lina watu zaidi ya mia mbili. Miaka yote ile hawakuwa wanaona?”

Walikuwa wanaona. Nilikwenda kuzitazama picha zake za zamani, na kosa ni lile lile tangu picha ya kwanza: watoto wa Komunyo wamevaa nyeupe, nyuso zao giza. Mtu yeyote mwenye macho angeliona. Na kulieleza kulihitaji dakika mbili.

Niruhusu nilieleze hapa, maana huenda yupo msomaji anayelihitaji. Kamera haijui kuwa ile ni gauni. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kikidhani kwamba ukichanganya vyote vilivyomo ndani ya fremu, weupe na weusi, utapata kijivu cha kati. Ukijaza fremu kwa gauni jeupe, au alba za mapadre arobaini siku ya upadrisho, kamera inasema mwanga umezidi, inaupunguza. Gauni linapendeza, sura inazama. Ndilo linalowapata wanaopanda Kibo: nyuma yao barafu inang’aa, mbele yao yupo mpagazi ambaye kwenye picha amekuwa umbo jeusi lisilo na jina. Dawa yake ni nyepesi. Kwenye simu, gusa uso wa mtu juu ya skrini, kisha ile alama ya jua ivute juu kidogo. Kwenye kamera kubwa, ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu juu ya kile kamera inachotaka. Ikiwa gauni litapoteza ua mbili tatu za lesi, mwache apoteze lesi. Aliyeolewa si lesi.

Na jambo hili la ngozi nyeusi kwenye picha lina historia inayouma. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ili mafundi walinganishe rangi kwa ngozi yake. Kadi hiyo ikaitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Ngozi yetu ikitoka kama lami, hilo halikuwa kosa la mashine. Marekebisho ya maana kwenye filamu zao yalianza miaka ya 1970, na waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba miongoni mwa waliosukuma mabadiliko ni wenye viwanda vya chokoleti na wauza samani, waliolalamika kwamba kwenye picha huwezi kutofautisha chokoleti nyeusi na ya maziwa, wala mbao moja na nyingine. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya uso wa bibi yangu. Ninaposikia mtu anasema kutoa maoni ya kweli juu ya picha ni ukorofi, huwa nawakumbuka wale wauza samani. Waliopata picha bora ni wale waliosema ile ya kwanza ni mbovu.

Waswahili wana methali juu ya mgema na tembo lake. Ukimsifu, analitia maji. Huku kwetu hakuna mnazi, lakini mbege ipo, na mama anayepika mbege anajua kwamba ndizi mbivu na ulezi peke yake havitoshi, lazima magome ya msesewe yatoe uchungu wake. Pasipo msesewe unapata uji mtamu. Wazee wakionja kilabuni hawasemi “mbege kali, hongera”. Wanasema ulezi haukuota vizuri, au msesewe umezidi, au hii imelala siku moja zaidi. Mama anachukia kidogo, wiki ijayo anarekebisha. Sijui ni kwa nini watu hao hao, wakishika simu, wanakuwa waoga namna hiyo.

Katika somo la falsafa ya uzuri tulikutana na kisa ambacho David Hume alikichukua kutoka kwa Don Quixote na kukitumia katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha. Ndugu wawili waliitwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina ladha ndogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina ladha ndogo ya chuma. Watu wakawacheka sana. Pipa lilipomwagwa, chini yake ukakutwa ufunguo wa chuma uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

Kisa hiki kimekaa nami kuliko kurasa nyingi nilizosoma mwaka huu. Kinaniambia kwamba ukosoaji wa haki unaelekeza kidole mahali ambapo wengine nao wanaweza kwenda kutazama. “Mbaya” haielekezi popote. “Kali” nayo haielekezi popote. Lakini “mstari wa ziwa umelala upande wa kulia”, “mti wa mgomba unaota kutoka kichwani mwa paroko”, “ulipiga saa saba mchana, kwa hiyo macho yote yamekuwa mashimo”, hizo ni kauli zenye ufunguo chini ya pipa. Aliyepiga anaweza kurudi kwenye picha yake akaukuta au asiukute. Asipoukuta ana haki ya kukujibu, na huenda wewe ndiye uliyekosea kuonja.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, anatofautisha “mimi napenda” na “hii ni nzuri”. Nikisema napenda ndizi za kukaanga, mjadala umekwisha. Nikisema picha hii ni nzuri, nimekudai na wewe ukubali, na ukikataa tuna jambo la kuzungumza. Kitufe kilichopo kwenye simu zetu ni cha kupenda. Tumezoea kukibonyeza tukidhani tumesema picha ni nzuri.

Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alitaja mambo matatu yanayodaiwa na uzuri: ukamilifu, uwiano, na mng’ao. Hakuwahi kuona kamera, lakini jaribu kuvitumia vipimo vyake kwenye picha ya jana. Ukamilifu: umemkata babu miguu kwenye picha ya jubilei yake, kwa nini? Uwiano: meza ya keki imechukua nusu ya picha na maharusi wamesukumwa pembeni. Mng’ao: kitu kilicho muhimu hapa kinaonekana, au kinang’aa kitambaa cha plastiki nyuma yake? Ukimuuliza mpiga picha maswali hayo kwa upole, umemwachia kazi ya kufanya.

Sasa, wapi? Hapa ndipo tunapokosana na rafiki zangu wengine. Wapo wanaosema mtu akiposti hadharani, akosolewe hadharani, na asiyetaka akae na picha zake kwenye simu. Wanasema pia kwamba hata Mtakatifu Thoma, anapofundisha juu ya kumwonya ndugu, anaruhusu kosa la hadharani lionywe hadharani. Ni kweli anaruhusu. Lakini anazungumzia dhambi inayowakwaza wengine. Picha yenye giza haimkwazi mtu, inamsikitisha tu mwenye sura. Kwa mambo ya namna hiyo nafuata utaratibu wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo sura ya 18: kwanza nenda, wewe na yeye peke yenu. Kwenye simu, “nenda” maana yake ni inboksi. Katika mila zetu hapa Kilimanjaro, mtu mwenye neno zito la kupatanisha alibeba jani la isale, na aliyelipokea alijua kwamba huyu hakuja kwa vita. Kwenye grupu la watu mia mbili hakuna isale. Neno linafika likiwa uchi, na kabla hujalieleza, watu kumi wameshaweka vikaragosi vinavyolia kwa kucheka.

Kuna ubaguzi mmoja, nao ni pale mwenyewe anapoomba. Kijana akiandika “nisaidieni, nini kimeharibika hapa?”, basi amefungua mlango, na wengine watajifunza kwa faida ya picha yake. Hapo kumjibu “picha kali” ni kumfungia mlango usoni.

Na jambo ambalo halihitaji mjadala: tunakosoa picha, hatumkosoi aliyemo. Dada yetu amepigwa picha siku ya nadhiri zake, mtu anaandika “Sista umenenepa”. Mama amepigwa akilia kaburini, mtu anajadili kitambaa chake. Huo si ukweli wa wazi, ni kukosa adabu, hata kama dada wa watu amenenepa kweli.

Hata hivyo zipo picha ambazo ubaya wake haumo kwenye mwanga wala kwenye mstari, na kwazo nadhani ukimya wetu ni mzito kuliko ukimya juu ya gauni la harusi. Kila Kwaresima tunaona. Kikundi kimekusanya sabuni, unga, mafuta, kikapeleka kwa bibi mgonjwa asiye na mtu. Jambo jema sana. Kisha bibi anasimamishwa mlangoni, anashikishwa mfuko wa unga, watu kumi na wawili wanapanga mstari nyuma yake na fulana zao, na picha inapigwa. Bibi hatazami kamera. Saa moja baadaye picha iko kila mahali, na chini yake: Mungu awabariki, mfano wa kuigwa. Bwana wetu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya ule wa kulia. Sisi tumeupa mkono wa kushoto simu.

Ningependa mtu mmoja kati ya wale wote aulize: bibi aliombwa ruhusa? Aliombwa kabla ya kupewa unga au baada? Maana ruhusa inayotolewa na mtu aliyeshikishwa unga mkononi ina walakini. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sidhani kama Mkristo anapaswa kusubiri sheria ili ajue kwamba ufukara wa mtu si bango. Ndivyo ilivyo kwa picha za watoto yatima, za mgonjwa kitandani hospitalini, za majeruhi wa ajali barabara kuu ya Moshi na Arusha, ambazo wakati mwingine huwafikia ndugu kabla ya taarifa yenyewe. Kwa picha hizi nakubaliana na rafiki zangu: mwandikie mhusika kwanza kama unaweza, mwombe aiondoe, na asipoiondoa sema wazi mbele ya wote waliokwisha kuiona. Hapo kuna wa kukwazwa, na kuna mtu anayeumizwa kila picha inaposambazwa tena.

Lakini hata hapo tuonje kabla ya kusema. Mnaikumbuka picha ya Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini: mtoto aliyedhoofika kwa njaa ameinama chini, nyuma yake tumbusi amesimama anasubiri. Ilipigwa Ayod, katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, mwezi Machi 1993, ikachapishwa na New York Times mwezi huo huo, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Ulimwengu ulimshambulia Carter. Walisema alimwacha mtoto afe ili apate picha. Julai mwaka huo huo alijiua, akiwa na miaka 33. Alikuwa na mizigo mingi, madeni na kumbukumbu za mauaji aliyoyashuhudia, kwa hiyo nisiseme kwamba maneno yale ndiyo yaliyomuua. Nasema hivi tu: mwaka 2011 waandishi wa gazeti la El Mundo la Hispania walikwenda Ayod, wakaikuta familia. Mtoto alikuwa wa kiume, alipona njaa ile, na aliishi zaidi ya miaka kumi baadaye kabla ya kufa kwa homa. Na ukiitazama ile picha kwa makini, mkononi mwa mtoto kuna mkanda wa plastiki, alama ya kwamba alikwisha kuandikishwa kwenye kituo cha chakula. Ufunguo ulikuwa ndani ya pipa tangu siku ya kwanza. Maelfu waliitazama picha ile, wakahukumu, na hawakuuona mkanda.

Swali walilouliza lilikuwa la haki kabisa: mpiga picha anadaiwa nini na mtu aliye mbele ya lenzi? Jibu ndilo walilolitoa haraka mno.

Huku mlimani swali hilo lina sura yake. Agosti 2022 shirika la TTCL liliwasha intaneti ya kasi mpaka kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na picha sasa zinapanda mtandaoni kabla miguu haijashuka. Nyingi humwonyesha mgeni akiwa na bendera. Nyuma yake, akiwa kapu kichwani na begi mgongoni, yupo mpagazi, “mgumu” kama wanavyojiita wenyewe. Binamu yangu ni mmoja wao. Alinionyesha picha yake mwenyewe aliyoikuta kwenye ukurasa wa mgeni, yenye sifa nyingi juu ya rangi za mawingu. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko kilo 20 zinazoruhusiwa, yeye alijua hivyo kwa sababu aliubeba. Hakuna mtu aliyeuliza juu ya mzigo. Nilimuuliza kama picha ilimuudhi. Akasema hapana, ila angependa wamtumie, kwa sababu ni picha nzuri na hana nyingine akiwa kazini. Nilikuwa nimeshaandaa hasira yangu ya kifalsafa, ikabidi niirudishe mfukoni. Mwenye picha alikuwa na maoni yake, na hayakuwa yangu.

Mlima wenyewe nao unasingiziwa. Kuna wanaobandika Kibo yenye theluji nzito nyuma ya maharusi waliopigwa picha mjini saa nane mchana, wakati kila mkazi wa Moshi anajua kwamba saa nane mlima uko ndani ya mawingu, na ukitaka kuuona uamke alfajiri au usubiri jioni. Hilo ni pambo, tunalisamehe. Lakini mtu anapoandika “Kilimanjaro leo” juu ya theluji ya zamani, hapo amesema uongo wenye madhara. Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha za barafu ya Kibo mwaka 1912, na picha zao zilisaidia kuchora ramani ambayo wanasayansi wanaitumia mpaka leo kupima kilichopotea: zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile haipo. Tunajua hivyo kwa sababu wale wawili hawakuipamba picha yao. Picha zao hazina rangi, nyingine ukiziona unasema mbona za kawaida tu. Ningekuwa mwalimu wa vijana wetu wa kamera ningeanzia hapo.

Limebaki swali ambalo mafrateri wenzangu huniuliza kwa sauti ya chini: na kama picha mbovu ni ya Padre? Au tuseme imepigwa na paroko mwenyewe, kwa simu yake mpya, na imewekwa kwenye ukurasa wa parokia na maneno marefu? Mtakatifu Thoma hakutuacha yatima hapa. Anasema walio chini wanaweza kuwaonya wakubwa wao, lakini kwa upole na heshima. Nimeona ikifanyika. Padre mlezi wetu mmoja alimwita frateri aliyekuwa jirani yangu, akamwonyesha picha aliyoipiga ya kanisa. “Frateri, unaionaje?” Yule frateri akavuta pumzi. “Baba, nimeupenda mwanga wa dirishani. Ila nikitazama naona kama mnara umekatwa kichwa.” Padre akaivuta simu karibu na miwani, akaitazama sana. “Kweli umekatwa,” akasema, “na mimi nilikuwa nadhani ni skrini.” Wakatoka wote wawili kwenda kuipiga upya, Padre akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akakanyaga bustani ya kabichi ya masista.

Ninalotaka kulipendekeza ni dogo. Desemba haiko mbali. Kabla harusi hazijaanza, vijana wanaopiga picha katika dekania yetu wakutane Jumamosi moja, kila mmoja alete picha tatu anazozipenda na moja iliyomshinda, zioneshwe ukutani kwenye ukumbi wa parokia, na tuzizungumze mbele ya mwenye nazo akiwa amekaa pale pale, anaweza kujibu, na baada ya hapo tunakunywa chai pamoja. Picha za watu wanaopewa misaada tuzipe muda wa pekee. Yule kijana wa harusi amekubali kuja na picha zake, ingawa lenzi bado hajaikomboa. Nimezungumza na mwenyekiti wa VIWAWA, naye amekubali. Ameniambia projekta ipo, ila waya wake walichukua kwaya tangu Pasaka, kwa hiyo anayejua ulipo anijulishe.